Kupitia Holili

Ukitoka Mombasa kwa barabara kwenda Marangu, huna haja ya kufika Nairobi wala Arusha. Barabara kuu unaiacha Voi, unakata kushoto kupitia Mwatate na Bura, unapita ndani ya Tsavo Magharibi, kisha unatokea Taveta. Njia hiyo nilikuwa naijua kwa kusimuliwa tu. Mdogo wangu aliipita kila alipopata likizo, nami sikuwa nimewahi kuvuka mpaka. Nilivuka kwa mara ya kwanza Mei 2025. Alikuwa ameachishwa kazi, na kila nikimpigia simu ananijibu, "Niko sawa, dada," halafu anaaga.

Alikuwa mpishi Marangu, katika nyumba ya wageni inayopokea wapanda mlima. Mei ni masika. Mvua huinyeshea Kilimanjaro bila huruma, wageni huwa wachache, na mahoteli mengi ya mlimani hujibana mpaka Juni.

Kuanzia Bura nilikuwa upande wa dirisha. Kando ya barabara, hapa inaonekana na hapa inapotea, kuna reli ambayo Waingereza waliijenga kutoka Voi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wapeleke jeshi dhidi ya Wajerumani waliokuwa wameshaichukua Taveta tangu Agosti 1914. Mwishowe iliungana na reli ya Moshi. Nchi hii yote imewahi kupiganiwa kwa sababu ya mstari uliochorwa mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani zilipogawana ardhi. Mstari unapanda kutoka baharini hadi Ziwa Jipe, ukifika hapa unaizunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, ndipo unanyooka tena kuelekea Ziwa Victoria. Shuleni tulisimuliwa kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake wa Ujerumani mlima huu awe nao kama zawadi. Si kweli. Mjukuu huyo alikuwa hajawa hata mfalme mwaka huo. Yalikuwa mapatano ya serikali mbili, na wenyeji wa mlima hawakuulizwa.

Taveta nilichukua bodaboda mpaka Holili. Tangu 2016 pana kituo cha pamoja: maofisa wa Kenya na wa Tanzania wamo katika jengo moja, unatoka dirisha hili unaingia lile. Waliniuliza cheti cha chanjo ya homa ya manjano, wakaniuliza naenda wapi na kwa nani. Nikasema naenda kumtembelea ndugu Marangu. Nikapigiwa muhuri wa mgeni, bila kulipa hata senti. Muhuri ule ulinipa ruhusa ya kukaa Tanzania muda mrefu kuliko mdogo wangu, ambaye hapo alikuwa anaijua Marangu nyumba kwa nyumba. Hilo sikulijua bado, nilipiga tu hatua nikafurahi kwamba nimefika nchi ya watu.

Holili hadi Himo ni tambarare, mahindi na alizeti. Himo nikapanda Noah iliyojaa mikungu ya ndizi, wanawake wakanisogezea nafasi, na barabara ikaanza kupanda. Sijui niuelezeje mpando ule kwa mtu wa pwani. Joto lilibaki nyuma kidogo kidogo, migomba ikaja ikatufunga pande zote, chini yake kahawa, na maji ya mifereji yakikatiza kila mahali. Mlima wenyewe sikuuona. Wingu lilikuwa limeushukia mpaka kwenye msitu.

Mdogo wangu alinipokea Marangu Mtoni. Alikuwa ameshahama chumba cha kazini, akapata hifadhi kwa mama mmoja aliyekuwa akiwauzia jikoni ndizi na maziwa. "Pole na safari, mwanangu," mama yule akaniambia. "Nishapoa," nikamjibu, nikamwamkia shikamoo. Alitupakulia mtori, akatuacha tuzungumze.

Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa ya nusu ukurasa. Wageni wamepungua, nafasi yake imefutwa, aondoke chumbani kabla ya Ijumaa. Kibali chake cha kazi alikichukua mwajiri, akisema lazima kirudishwe serikalini. Hakuna aliyekaa naye kabla ya hapo kumweleza lolote.

Kwa mtu anayefanya kazi kwao, barua kama hiyo ni msiba wa mshahara. Kwa mgeni ni zaidi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wasio raia inakifunga kibali cha kazi kwa mwajiri aliyekiomba. Kinadumu miezi 24, na kinaweza kuongezwa. Kibali cha ukaazi cha daraja B kinasimama juu ya kile cha kazi. Kazi ikiondoka, vyote viwili vinakosa nguvu, na kuendelea kukaa bila hati nyingine ni kosa. Alipoteza mshahara, chumba na haki ya kuwepo kwa barua ile moja.

Mama mwenye nyumba alilisikiliza jambo hili kwa uchungu ambao sitausahau. Kihamba chake kimezungushwa masale, mmea ambao Wachagga hupanda kuweka mpaka wa shamba, na ambao pia mtu humpelekea aliyemkosea anapotaka wapatane. Wazee wa ukoo wamezikwa mle mle kwenye migomba. Kwake yeye mtu anayelala, kula na kufanya kazi mahali ni mtu wa mahali hapo. "Abaki," aliniambia, "awatembeze wageni kwenye maporomoko ya Kinukamori na kwenye kahawa." Hata hilo halikuwezekana bila kibali, na Julai ya mwaka huo huo ikatoka amri iliyotaja biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya Tanzania, uongozaji wa watalii ukiwemo.

Wengi wetu tuliamini Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza kazi Julai 2010, limeshayamaliza haya. Itifaki yake kweli inazungumzia wafanyakazi kwenda watakako. Lakini kila nchi iliambatisha orodha ya kazi ilizokubali kuzifungua, na hata kazi iliyofunguliwa bado ina kibali chake. Bidhaa zinavuka Holili kwa urahisi kuliko mpishi.

Siku iliyofuata tuliteremka Moshi kumwona msaidizi wa kisheria tuliyeelekezwa. Alisoma barua mara moja, akaanza kuhesabu. Mfanyakazi wa mshahara wa mwezi anastahili notisi ya siku 28. Anayepunguzwa kazini lazima aelezwe sababu na ashauriwe kwanza. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, na mdogo wangu alikuwa ametimiza miwili, kwa hiyo siku 14. Tena mwajiri anawajibika kumrudisha yeye na mizigo yake mahali alikoajiriwa, yaani Mombasa, na kumlipa posho ya siku anazosubiri usafiri. Yote hayo yamo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na sheria hiyo haisemi kwamba ni ya raia peke yao.

Kisha akatuambia kuhusu muda. Anayelalamika kwamba ameachishwa isivyo halali ana siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hapo ndipo nilipokasirika kweli, na hasira hiyo ninayo hadi leo. Sheria moja inampa mtu siku 30 za kudai haki yake, nyingine inamwambia hana ruhusa ya kukaa nchini azidai. Watu wengi waliomtangulia walichagua kuondoka kimya, na mwajiri anayejua hivyo hana sababu ya kuogopa kuandika barua ya nusu ukurasa.

Tulijaza fomu ya Tume siku hiyo hiyo. Kwa ushauri tuliopewa, tulirudi Holili wote wawili: yeye akatoka rasmi kama mfanyakazi, akalala Taveta, akaingia tena kama mgeni. Mgeni haruhusiwi kufanya kazi, ila anaruhusiwa kuhudhuria shauri lake. Mama wa Marangu alikataa kodi ya chumba kwa muda wote huo. Nikalipia mafuta ya taa na sukari kwa nguvu.

Kwenye usuluhishi mwakilishi wa mwajiri hakubisha sana. Nadhani hawakutarajia mtu aje. Walikubali notisi, kiinua mgongo, usafiri na cheti cha utumishi. Suala la kama kuachishwa kwenyewe kulikuwa halali mdogo wangu aliliacha, kwa kuwa hatua ya uamuzi ingechukua miezi, naye bila kazi angekula nini? Mimi ningependa aendelee. Yeye ndiye aliyetia saini, na niliiheshimu saini yake.

Sasa kuna hoteli Karatu inayomtaka. Kibali kinaombwa upya kutoka mwanzo: mwajiri aeleze kwa nini hakupata Mtanzania, aonyeshe mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi huo, Kamishna wa Kazi aamue. Safari hii mdogo wangu ameomba kifungu kimoja kiongezwe kwenye mkataba kabla hajasaini: kazi ikisitishwa, mwajiri asikirudishe kibali mpaka siku za notisi ziishe na stahili zake ziwe zimelipwa. Wamemjibu kwamba wanakipeleka kwa mwanasheria wao.