Amplifaya Ibaki au Irudi?

Bumu lilipoingia, nilinunua amplifaya ya gitaa Kariakoo, ya wati 40. Muuzaji kanipa siku saba za kuirudisha au kuibadilisha. Leo ni ya tano. Sauti yake tamu, hilo sibishi. Ila chumbani tunalala wanne, haivuki namba mbili. Halafu wati zisikutishe, ndugu msomaji: 40 ni mara nne ya 10, lakini sikioni sauti inazidi kama mara moja na nusu tu. Mwezi ujao naenda mazoezi ya kufundisha, na nauli sina. Wanafunzi hawataniuliza nina wati ngapi. Watauliza mbona vipindi vinapita bila mwalimu. Kesho naibadilisha: nachukua ya wati 10, chenji ndiyo nauli.