Kumtafuta Punda wa Dobi

Mwaka 1994, nikiwa mwanafunzi, mwalimu wetu wa fasihi simulizi alikitaja kitabu kimoja kwa kupita tu: hadithi za Unguja alizozikusanya mmisionari Mwingereza, Edward Steere, zikachapwa London mwaka 1870. Imo humo, akasema, hadithi ya punda wa dobi. Nikashtuka. Punda yule, pamoja na kima, na papa aliyeutaka moyo wa kima, niliwajua kwa bibi, usiku tukipukuchua mahindi. Nilidhani ni mali ya ukoo wetu.

Maktaba niliyoiendea ilikuwa na kadi ya kitabu. Kitabu chenyewe hakipo. "Pita wiki ijayo, mwanangu," mzee wa mapokezi akaniambia. Nilipita wiki ijayo kwa mwaka mzima. Mwishowe rafiki akanipatia kurasa kumi na moja, kopi ya kopi, herufi zimepauka, na punda hayumo.

Ikapita miaka kumi na sita. Siku moja, kwenye intaneti kafe, kijana wa zamu akanifungulia Internet Archive, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1996. Nikaandika jina la Steere. Kikatokea kizima, kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Hakimiliki ilishakwisha zamani, kwa hiyo hakuna kadi, hakuna ada, hakuna wiki ijayo. Kikwazo kilikuwa umeme: ulikatika mara mbili nikikipakua, nikarudi kesho yake na flashi.

Nilikisoma usiku kucha, Kiswahili upande huu, Kiingereza upande ule. Kima wa Steere anaishi juu ya mkuyu. Wa bibi aliishi juu ya mwembe, kama ule wa uani kwetu. Kumbe kisa chenyewe asili yake Bara Hindi, kikapitia Kalila na Dimna ya Waarabu. Basi si cha ukoo wetu, wala si cha Steere. Ila muhuri uliogongwa ukurasa wa mwanzo ni wa chuo cha ng'ambo, na hilo, nakiri, lilinichoma kidogo.

Sasa nawasomea wapwa zangu kwenye simu, kwa bando la siku. Cha ajabu, baadhi ya riwaya nilizosoma sekondari miaka ya 1980 ndizo zimeadimika: hakimiliki bado ingali hai, wachapishaji hawazichapi tena, basi mtandaoni hazimo na dukani hazimo. Cha mwaka 1870 ninacho mfukoni. Cha 1978 nilikiazimisha, hakijarudi. Aliyenacho anajijua. Namwomba anirudishie, hata kama jalada limetoka.