Hao wa Chini Hawatembei

Kwa majuma matatu tumekuwa tukinukuu kwa sikio, pamoja na mpiga kinanda wetu hapa Gungu, muziki ambao Ennio Morricone aliutungia filamu ya The Mission (1986), ule wa padre Mjesuiti apulizaye obo msituni. Mozart alinukuu Miserere ya Allegri huko Roma mwaka 1770 akiwa na miaka 14. Sisi twarudia kipande kimoja mara thelathini.

Wimbo wenyewe haukutusumbua. Chini yake tuliandika nyuzi zikitembea na obo nota kwa nota, kama sauti nne za kwaya. Mwimbaji mmoja wa besi, mvuvi wa dagaa asiyesoma nota, akasema, “Baba, hao wa chini hawatembei. Wameshikilia tu.” Tukamnyamazisha mbele ya wenzake, si ndio sisi tuliosomea nota seminarini? Usiku tukasikiliza tena. Nyuzi zilishikilia sauti ndefu, za upole, na obo ikapita juu yake.

Jumatano hakuja mazoezini. Alhamisi tulimfuata Kibirizi, tukamkuta akianika dagaa, tukamwomba radhi. Akaendelea kuanika. Kisha akauliza, “Mmeshafuta, Baba?”

Tulikuwa tumefuta.