Kwa Wakata Miwa wa Manungu

Wasomaji wapenzi, wengi wetu vijijini twaijua Ligi Kuu ya mpira wa miguu kwa sauti tu. Twaisikia katika redio wakati wa jioni, majembe yakiwa yamekwisha kuwekwa pembeni, au twaitazama katika kibanda pale sokoni kwa kulipa kiingilio. Twawataja wachezaji kana kwamba ni watoto wa jirani, lakini viwanja vyenyewe hatujavitia machoni. Nami nilikuwa hivyo hivyo, hata mwezi wa Mei mwaka 2024 nilipokwenda Turiani, katika wilaya ya Mvomero, mkoa wa Morogoro, kumjulia hali mjomba wangu. Safari ilikuwa ya mjomba, lakini nisifiche neno: wiki yenyewe niliichagua kwa ajili ya mpira.

Njiani

Tuliondoka Morogoro mjini siku ya Jumapili, baada ya Misa ya kwanza, tukashika barabara ya Dodoma. Masika yalikuwa bado hayajaisha, na nchi yote ilikuwa kijani. Tulifika Dakawa, penye mto Wami na mashamba makubwa ya mpunga. Upande huo ndiko alikofariki Waziri Mkuu Edward Sokoine kwa ajali ya gari, tarehe 12 Aprili 1984. Mzee mmoja aliyeketi karibu nami alivua kofia yake tulipopita, wala hakusema neno.

Huko Magole gari liliiacha barabara kuu, likapinda kulia kuelekea Turiani. Kuanzia hapo milima ya Nguru hukaa mkono wako wa kushoto, nayo asubuhi ile ilikuwa imejifunika ukungu mpaka kiunoni. Mito mingi yateremka kutoka milima hiyo, na ndiyo sababu bonde hili halikosi maji wala chakula. Huko mlimani ndiko iliko Mhonda, misheni iliyofunguliwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1877, miaka 9 tu baada ya ile ya Bagamoyo. Wazee wa nchi hii, Wazigua na Wanguu, wameona mengi yakija na kupita.

Halafu, ghafula, huoni tena nchi. Waona miwa tu, kulia na kushoto, mirefu kumpita mtu. Umefika Mtibwa.

Mjomba alinipokea kituoni, fimbo mkononi.

“Tumsifu Yesu Kristo.”

“Milele amina. Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mjomba. Umekuja kunitazama mimi, au umekuja kuwatazama Yanga?”

Nikacheka, naye akacheka, lakini nilijua nimekamatwa. Ndani ya mfuko wangu mlikuwamo skafu ya kijani na njano.

Timu iliyozaliwa shambani

Mjomba alikata miwa ya kiwanda kwa miaka mingi. Sasa mgongo umechoka, naye ni mkulima wa nje, yaani analima shamba lake mwenyewe na kuiuza miwa kiwandani. Jioni ile, tukiwa barazani, alinieleza kazi hiyo. Shamba huchomwa moto kwanza, ili majani makavu yaishe na nyoka wakimbie. Kisha wakataji huingia na mapanga, nao wakitoka huwa weusi kwa masizi kutoka kichwani mpaka miguuni. Muwa uliokatwa haufai kungoja, kwa maana sukari yake hupungua kila siku. Wakati wa masika kiwanda husimama, kwa sababu matrekta hayapiti katika tope, na muwa ulioshiba maji hauna utamu mwingi.

Watu wa kazi hiyo ndio walioanzisha timu ya Mtibwa Sugar mwaka 1988. Hawakuanza na fedha nyingi, wala hawakuanzia juu. Walipanda daraja kwa daraja, hata mwaka 1996 wakaingia katika ligi ya juu ya nchi. Watu wakawapa jina la Wakata Miwa, nao hawakulionea haya. Uwanja wao ni wa Manungu, katikati ya mashamba.

Hapa yafaa nikumbushe habari kidogo. Ligi yetu ilianza mwaka 1965, na bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland, ambayo leo ndiyo Simba. Tangu hapo ubingwa umekaa zaidi Dar es Salaam, kwa Simba na Yanga. Mara chache umetoka: Mseto ya Morogoro waliuchukua mwaka 1975, Tukuyu Stars kutoka Rungwe mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988. Kisha wakaja hawa wakata miwa, wakauchukua mwaka 1999, na mwaka 2000 wakauchukua tena! Tangu mwaka huo hadi mwaka 2025 ubingwa haukutoka tena Dar es Salaam. Ni Simba, ni Yanga, na mara moja Azam, katika msimu wa 2013/14.

“Mwaka 1999,” mjomba akasema, “mtu wa Turiani akifika Morogoro mjini hakuulizwa kwao wapi. Alijitaja mwenyewe.”

Uwanja huo umetoa pia watu waliojulikana nchi nzima. Mecky Maxime, aliyekuwa nahodha wa Taifa Stars, alichezea Mtibwa na baadaye akawa mwalimu wa timu hiyo hiyo. Zuberi Katwila naye alifuata njia hiyo, uwanjani kwanza, kisha ukufunzi. Na tarehe 2 Juni 2018, huko Arusha, Mtibwa waliifunga Singida United mabao 3 kwa 2, wakatwaa Kombe la Shirikisho.

Msimu mgumu

Lakini msimu wa 2023/24 haukuwa wa furaha kwa Manungu. Ligi ilikuwa na timu 16, kila moja ikicheza michezo 30. Kushinda ni pointi 3, kutoka sare ni pointi 1. Wa mwisho wawili huteremka moja kwa moja. Wa 13 na wa 14 hupata nafasi ya kujitetea katika michezo ya mchujo. Nchi nzima ilikuwa ikizungumza juu ya Yanga, hasa baada ya tarehe 5 Novemba 2023, walipoifunga Simba mabao 5 kwa 1. Wakati huo huo Mtibwa walikuwa wakipoteza mchezo baada ya mchezo, na mwezi wa Mei ulipofika walikuwa mkiani kabisa.

Basi tazama jinsi mambo yalivyokutana. Yanga walihitaji ushindi mmoja tu wawe mabingwa. Mtibwa walihitaji kila pointi wapate kuokoka. Na ratiba ikawakutanisha Manungu, siku ya Jumatatu, tarehe 13 Mei 2024.

Siku yenyewe

Tangu asubuhi magari yalikuwa yakiingia, pikipiki zikipiga honi, vijana wakiwa wamejipaka rangi usoni. Akina mama walikaanga mihogo na samaki kando ya njia, na vijana wengine waliuza miwa iliyomenywa na kukatwa vipande. Walisema hawajafanya biashara ya namna ile tangu mwaka uanze.

Tuliondoka nyumbani watatu: mjomba, mimi, na mjukuu wake wa miaka 10. Mjomba alivaa shati lake la Kanisani. Mtoto alivaa fulana ya Yanga. Nami, nilipomwona mtoto ameivaa, nikaitoa skafu yangu mfukoni. Mjomba alitutazama sote wawili, akasema, “Haya, twendeni.”

Nilipoingia uwanjani nilishangaa. Nilidhani nitawakuta wenyeji upande mmoja na wageni upande mwingine. Sivyo hata kidogo. Kijani na njano vilijaa kila mahali, na wengi wa waliovaa hivyo walikuwa watu wa pale pale: wakata miwa, madereva wa matrekta, wanafunzi. Mahali pengine wangekuwa wamevaa nyekundu ya Simba, mambo yangekuwa yale yale. Waliosimama na Mtibwa kwa moyo mmoja walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa na mvi.

Mpira ulichezwa. Vijana wa Mtibwa hawakuwa wazembe; walikimbia mpaka miguu ikagoma. Lakini mwisho ulikuwa mabao 3 kwa 1, na Yanga wakawa mabingwa kwa mara ya 3 mfululizo, na kwa mara ya 30 katika historia yao. Watu wakaruka, wakakumbatiana, wakaimba. Nami niliruka. Mtoto alinirukia begani, tukapiga kelele pamoja.

Kisha nikageuka. Mjomba alikuwa ameketi, mikono yote miwili juu ya fimbo, akiwatazama vijana wa Mtibwa wakitoka uwanjani. Mmoja wao alikuwa amejifunika uso kwa jezi yake. Mtoto naye alimwona babu yake. Akashuka begani mwangu taratibu, akaenda kusimama karibu naye. Hakujua la kusema, akamshika mkono tu.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu, ingawa si mbali. Niliikunja skafu, nikairudisha mfukoni.

Neno la mjomba

Baada ya chakula cha usiku nilijaribu kumwomba radhi. Alinikatiza.

“Hukukosa, mjomba. Yanga ni timu ya baba yako, na mtu haachi urithi. Wala mtoto huyu simkatazi. Lakini nitakuuliza neno moja. Yanga wakifungwa kesho, watu wangapi watasikitika?”

“Nchi nzima, mjomba. Nusu ya nchi.”

“Na hawa wetu wakiteremka, atasikitika nani?”

Sikumjibu. Mke wa mjomba, aliyekuwa akikusanya vyombo, ndiye aliyejibu: “Watasikitika wanaouza mihogo.” Tukacheka wote. Lakini lilikuwa jibu la kweli. Timu ikiwa juu, magari huja, nyumba za wageni hujaa, mama mjane hupata fedha ya daftari za watoto. Ikishuka, njia huwa kimya. Hayo hayasomwi katika msimamo wa ligi.

Asubuhi yake mjomba alinipeleka shambani. Alinionyesha shamba lililokatwa mwaka uliopita. Miwa ilikuwa imesimama mirefu, na mimi nikadhani ameipanda upya.

“Sikuipanda,” akasema. “Muwa ukikatwa vizuri, chini kabisa, shina hubaki ardhini nalo huchipua. Waweza kuvuna mara kadhaa kutoka shina moja. Kinachoua shamba si panga. Kinachoua shamba ni mwenye shamba kukata tamaa, akaliachia magugu.”

Nilifikiri anazungumza juu ya kilimo. Nilikuwa nimekwisha kupanda gari ndipo nilipomwelewa.

Yaliyofuata

Mwisho wa mwezi ule ligi ilifungwa. Azam walikuwa wa pili na Simba wa tatu. Stephane Aziz Ki wa Yanga aliongoza kwa kufunga, mabao 21. Chini kabisa, nafasi ya 16, walikuwa Mtibwa Sugar. Waliteremka pamoja na Geita Gold, baada ya kukaa katika ligi ya juu tangu mwaka 1996.

Msimu wa 2024/25 walicheza katika ligi ya Championship, ile iliyokuwa ikiitwa Daraja la Kwanza. Huko hakuna kelele nyingi, na magari ya mashabiki kutoka mijini hayaji. Nilikuwa nikimpigia mjomba simu mara kwa mara, naye alinipa habari fupi fupi: leo tumeshinda, leo tumetoka sare, leo mvua imenyesha mno. Nilimwuliza uwanjani anakwenda na nani. Akasema, “Na mtoto.”

Mwisho wa msimu huo Mtibwa Sugar walikuwa mabingwa wa ligi ile, wakapanda tena Ligi Kuu kwa msimu wa 2025/26 pamoja na Mbeya City. Siku nilipopata habari nilipiga simu Turiani. Hakupokea mjomba. Alipokea mtoto, naye hakungoja hata salamu.

“Shikamoo baba! Tumepanda!”

Nikamwuliza, “Na Yanga je?”

“Yanga nawapenda,” akasema. “Lakini hawa ni wetu.”

Wasomaji wapenzi, sisemi mtu aiache timu aliyorithi kwa baba yake. Mimi mwenyewe sikuiacha, na skafu yangu ningali nayo. Lakini karibu kila kijiji kina kiwanja chake, na vijana wanaocheza jioni pekupeku, nao wakifungwa hakuna redio itakayowataja. Jumapili ijayo, baada ya chakula cha mchana, chukua kigoda chako na mtoto wako, uende ukawatazame. Wakishinda, shangilia. Wakishindwa, usiwe wa kwanza kuondoka.