Kikombe cha Mdogo Wangu

Wadau, leo nina la kuungama. Mwaka jana mdogo wangu alikutwa na TB. Mimi, msomi na mwandishi wa habari, nilikwenda sokoni hapa Mwenge nikamnunulia kikombe, sahani na kijiko vyake. Nikaviweka dirishani, mbali na vyombo vyetu. Akaniuliza, "Kaka, ndo nimeshatengwa?" Nikajifanya sijasikia.

Siku zilezile nilikuwa naandaa makala kuhusu hospitali kongwe za jiji letu, nikaenda Ocean Road. Leo hapo wanatibiwa wagonjwa wa saratani, bila kujali rangi. Lakini Wajerumani waliijenga miaka ya 1890 kwa ajili ya Wazungu, ufukweni kabisa, kwenye upepo safi wa bahari. Robert Koch mwenyewe, aliyetangaza ugunduzi wa kimelea cha TB mwaka 1882, alifika Dar es Salaam mwaka 1897 kufanya utafiti wa maradhi.

Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali yao, Sewa Haji, iliyobeba jina la mfanyabiashara wa Kihindi aliyetoa fedha za kuijenga. Waingereza nao walipotawala wakaendelea kuwatenga wagonjwa kwa rangi. Mwaka 1956 ikaja Hospitali ya Princess Margaret kule Upanga, ambayo leo ni Muhimbili. Jina la Sewa Haji bado lipo pale, kwenye jengo la wodi.

Nilirudi nyumbani nimewakasirikia wakoloni kwelikweli. Nikafungua mlango, nikakiona kile kikombe cha bluu dirishani.

Kesho yake nikamsindikiza mdogo wangu kuchukua dawa. Nesi akanieleza taratibu, kama anamfundisha mtoto: TB inaenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa. Haiambukizi kwa kikombe wala sahani. Akitumia dawa vizuri, kwa kawaida baada ya wiki mbili hivi haambukizi tena. Cha muhimu ni kufungua madirisha, hewa ipite.

Nikaishiwa maneno. Vyombo nilivitenga, lakini dirisha nilikuwa nalifunga kutwa kucha kwa sababu ya vumbi la barabarani!

Mdogo wangu alimaliza dozi yake ya miezi 6 na amepona. Vyombo vyote sasa viko kabati moja. Ila nikimimina chai, yeye bado ananyoosha mkono kuchukua kikombe kilekile cha bluu.

Sijamwomba radhi hadi leo. Jioni hii nitamwomba.