Mwenzako Anakaa Mbele Yako

Kabla barabara ya Sakina hadi Tengeru haijapanuliwa kuwa ya njia nne, kijiwe chetu kilikuwa chini ya mjakaranda, hatua chache tu kutoka kwenye lami. Vifodi vya Ngaramtoni vikipita, vumbi lilitua mpaka kwenye karata. Vijiwe vya jirani vilikuwa vya drafti: ubao, vizibo vya soda, wawili wanacheza na ishirini wanashauri kwa kelele. Sisi tulikuwa watu wa wahedi wa sitini. Mchezo huo alituletea mzee mmoja wa Pangani, fundi cherehani, aliyehamia Arusha na pakiti yake ya karata ndani ya koti.

Kwa asiyeujua: mnacheza wanne, wawili wawili. Mwenzako anakaa mbele yako, wapinzani kushoto na kulia. Mnatoa nane, tisa na kumi, zinabaki karata 40, kila mtu anapata 10. Ree ina pointi 11, saba 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3, wa pili 2. Zote pamoja 120, kwa hiyo mkifika 61 mmeshinda, na jina la mchezo ndipo lilipotoka. Kopa, shupaza, pau, uru na turufu ni maneno ya Wareno, wale waliotimuliwa Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1698. Mzee alikuwa akitwambia walikimbia kwa haraka wakasahau karata mezani.

Sheria iliyotutesa ni kukaa kimya. Kukonyeza, kukohoa, kukuna sikio, vyote vilihesabiwa wizi. Aliyoshika mwenzako unaisoma kwenye karata anayotupa, basi.

Siku hizo mgeni alikalishwa kwenye gogo nyuma ya wachezaji, miezi kadhaa, aangalie. Akiruhusiwa kuingia, anapewa mchezaji mkali kuliko wote ambebe. Kwa hesabu ya pointi ilileta maana. Mkali nilikuwa mimi, au niseme nilijiona hivyo, na Jumapili moja nikapewa chalii mmoja aliyekuwa anajifunza ufundi gereji.

Turufu ilikuwa kopa. Mpinzani akaanza na uru, nami nikaweka ree ya uru. Mzigo umeshakuwa wetu. Chalii anamalizia, ana saba ya uru mkononi, pointi 10 za bure, anachotakiwa ni kunitupia tu. Akaibana saba, akatoa uru ya tatu. Baadaye akaanza na ile saba yake kwa madaha, jamaa wa kushoto kwake ameshaishiwa uru, akaikata kwa kopa ya nne. Tukamaliza na 59.

“Ile saba ulikuwa unamtunzia nani?” Nilimuuliza mbele ya watu, nikarudia, nikaongeza na mengine ambayo siyaandiki. Wiki tatu hakuonekana.

Mzee hakunigombeza. Alibadilisha ukaaji tu. Kuanzia hapo mgeni alikaa mkabala na yule aliyeacha ugeni juzijuzi, mtu ambaye makosa yake bado yanamuuma, na sisi tuliojiita wakali tukapangwa tutafunane wenyewe. Akaongeza jambo moja. Mchezo ukiisha, karata zinafunuliwa zote na kimya kinavunjwa, ila wa kwanza kuuliza ni mgeni. Mpaka amalize maswali yake, hakuna anayemsahihisha. Ilinishinda mwanzoni, nilikuwa naondoka kwenda kununua kahawa ili nisiseme. Chalii alirudi. Mwaka ulipoisha hakukuwa na aliyetaka kukaa kushoto kwake.

Mti ulikatwa wakati wa ujenzi wa barabara. Tukahamia nyuma ya sehemu ya kuoshea magari, mzee akarudi kwao Pangani, nasi tukabaki wawili au watatu, na wahedi wa sitini bila wanne ni karata tu.

Sasa hivi hapo panakaa vijana wa Free Fire. Timu ni ya wanne, kisiwani wanashuka watu 50, na kimya hakipo kabisa: maneno yanapita kwenye vipokea sauti tangu mwanzo hadi mwisho, nani yuko juu ya paa, nani ameishiwa risasi. Chalii wa gereji sasa ana gereji yake, na mtoto wake ndiye anayepanga timu. Baridi ya Julai iliyopita, Meru imejifunika mawingu mpaka chini, wakapungukiwa mmoja wakanivuta.

Nilidhani nitakaa na huyo mpangaji. Akanipa mtoto wa kidato cha pili aliyeanza kucheza Pasaka.

Tulikufa mapema. Yule mtoto alipigwa akiwa ukutani karibu nami, nikamwinua, akaomba dawa, nikamwambia sina. Nilikuwa nazo nne. Nilikuwa naziwekea akiba ya mwisho wa mchezo, mwisho ambao hatukuufikia. Mchezo ulipokwisha aliniegemea, akatazama kioo cha simu yangu, akaziona. Hakucheka.

“Uliza wewe kwanza, baba,” akasema. “Hapa mgeni ndiye anaanza.”