Maksai wa Baba na Hoho za Arava

Visa iliyobandikwa kwenye pasipoti yangu ilisema mimi ni mwanafunzi. Ni kweli nilisoma, siku moja kwa juma. Siku zilizobaki nilikuwa kibarua katika mashamba ya hoho na tende ya bonde la Arava, kusini mwa Israeli, huku nyumbani Laela, mkoani Rukwa, baba yangu akiwa hana maksai kwa sababu yangu. Watu wakinikuta sokoni huniuliza habari za vita au habari za pesa. Zote nitazisema. Ila mzigo ulionielemea kuliko yote ulianzia zizini kwetu, kabla hata sijapanda basi la kwenda Mbeya.

Anayeijua Ufipa anajua thamani ya jozi ya maksai. Mvua za kwanza zikinyesha Novemba, mwenye maksai hulima shamba lake, akimaliza huwalimia majirani kwa ujira, na asiye nao husubiri zamu au hushika jembe la mkono. Anayechelewa kupanda mahindi mpaka karibu na Krismasi huvuna mabua. Kwa hiyo baba alipowapeleka maksai wake wawili mnadani ili nipate nauli, bima na gharama za safari, alikuwa ametoa msimu mzima wa familia. Kiasi kilichopungua mama alikikopa kwenye kikundi chao cha VICOBA, kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi.

Mpango ulionipeleka Israeli ni halali na una miaka mingi. Vijana wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichopo Morogoro, na wa vyuo vya kati vya kilimo na mifugo, huenda Israeli kwa miezi kama kumi na moja. Hufanya kazi shambani kwa mshahara, na siku moja ya juma huingia darasani. Kipo kituo cha mafunzo Sapir, katikati ya Arava, kilichofunguliwa mwaka 1994, ambako vijana kutoka Asia na Afrika husoma pamoja. Muda ukiisha unarudi kwenu. Visa ile haikuruhusu kuzunguka kutafuta mwajiri mwingine. Umefungwa kwenye mpango na kwenye shamba ulilopangiwa, liwe zuri au baya.

Nilifika Septemba 2023. Sehemu kubwa ya uwanda wetu wa Ufipa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Julai hatulali bila mablanketi mazito. Arava ina sehemu zilizo chini ya usawa wa bahari. Joto nililolijua mimi ni lile la Muze, kule bondeni mwa Ziwa Rukwa, kwa baba mdogo, na niliamini hakuna jingine la kulishinda. La Arava lilinishinda wiki ya kwanza. Mvua yao ya mwaka mzima haifiki milimita 50. Tulianza kazi kabla jua halijapanda juu ya milima ya Yordani, na kufikia saa nne asubuhi shati lilikuwa limekauka jasho likaacha mistari ya chumvi mgongoni.

Mimi ni mtoto wa mkulima, jembe nimelishika tangu utoto, kwa hiyo kazi yenyewe haikunitisha. Kilichonichosha ni mwendo wake. Hoho hukuzwa ndani ya vitalu vya neti, safu ndefu usiyoona mwisho wake, na msimamizi anapita nyuma yako akirudia neno la Kiebrania la kuhimiza haraka. Mitende ina miiba mirefu inayopenya glovu. Usiku tulilala wasichana wa Kitanzania pamoja kwenye karavani, kiyoyozi kikiunguruma, na wa kwanza kuamka alikuwa na kazi ya kuwanyoosha wenzake migongo.

Na Jumapili ni siku ya kazi. Waisraeli hupumzika kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi jioni. Jirani zetu Laela walinipongeza kwamba nimekwenda Nchi Takatifu, mabibi wakaniagiza maji ya Mto Yordani, nami niliyelelewa katika Jimbo la Sumbawanga nilikuwa kwenye nchi ya Injili bila Misa ya Jumapili. Tulisali rozari Jumamosi usiku, tukiimba kwa sauti ya chini ili tusiwaamshe majirani Wathailandi. Zile rozari zilinishikilia. Sioni haya kulisema.

Tarehe 7 Oktoba 2023, Hamas waliposhambulia mashamba na vijiji vya Israeli vilivyo mpakani mwa Gaza, ilikuwa Jumamosi, tumelala. Arava iko mbali na Gaza, kwa hiyo habari tulizipata kwenye simu kama wengine wote. Kadiri siku zilivyopita tulielewa kuwa miongoni mwa waliouawa kwenye mashamba yale ya mpakani walikuwamo watu wa aina yetu hasa. Katika kibutsi cha Alumim waliuawa wanafunzi 10 wa Nepal waliokuwa kwenye mpango wa kusoma na kufanya kazi kama wetu. Vibarua wa Thailand waliouawa walizidi 30. Watanzania wawili hawakupatikana: Clemence Felix Mtenga, aliyehitimu Sokoine, na Joshua Mollel. Serikali ilithibitisha kifo cha Mtenga Novemba ile, cha Mollel Desemba. Mabaki ya Mollel yalikabidhiwa Novemba 2025, zaidi ya miaka miwili baadaye. Sikuwafahamu, lakini sikupata kuyasikia majina yao bila kufikiri kwamba fomu walizojaza wao ndizo nilizojaza mimi, na kwamba aliyepangiwa Nahal Oz, kule mpakani, na aliyepangiwa Arava hawakuchagua. Na Gaza nako watu walianza kufa kwa maelfu, watoto ndani yake. Tulizisoma habari hizo jioni, simu ikipokezanwa, na hakuna aliyekuwa na la kusema.

Ubalozi wetu wa Tel Aviv, uliofunguliwa mwaka 2018, ulikuwa ukikusanya majina ya wanaotaka kuondoka. Mama alinipigia akilia. "Rudi mwanangu, mengine tutayaona ukiwa hapa." Baba aliomba simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mnakula huko?"

"Tunakula, baba."

"Basi sikiliza. Shamba lipo, halihami. Tazama uzima wako kwanza."

Nilitamani kuondoka. Baadhi ya wenzangu waliondoka, na siwezi kumlaumu hata mmoja. Katikati ya Novemba mdogo wangu wa kiume aliniandikia kitu ambacho wazazi walikuwa wamekubaliana kunificha: mvua zimeanza, zamu ya maksai wa kukodi haijafika, na baba anaingia shambani na jembe la mkono kila alfajiri, mgongo wake ukiwa mbovu tangu zamani. Riba ya kikundi ilikuwa inaongezeka kila mwezi, pawe na vita au pasiwe na vita. Nikabaki. Nasema wazi kwamba kilichonibakiza ni deni, maana wapo wanaosimulia habari hizi kama ujasiri. Kijana asiyedaiwa angeweza kuchagua. Mimi nilikuwa naishi kwenye nchi yenye vita kwa ajili ya riba ya asilimia 10.

Baada ya hapo kazi iliongezeka. Wathailandi wengi walirudishwa kwao, hoho zilikuwa zimeiva, na mikono haikutosha. Walikuja Waisraeli wa kujitolea kutoka mijini, wazee na wanafunzi, wakasaidia, lakini saa zetu zilirefuka. Kwa muda darasa nalo lilisimama. Hapo ndipo nilipoanza kuiangalia kwa makini karatasi ya mshahara, na jambo hili ndilo ningependa vijana wa kwetu walisome mara mbili.

Karatasi ile ilikuwa kwa Kiebrania. Wenzangu wengi waliiangalia chini tu, kwenye kiasi cha mwisho, wakaikunja. Mimi nilikuwa na daftari. Tangu juma la kwanza niliandika saa ya kuanza, saa ya kupumzika na saa ya kumaliza, kwa sababu mama ni katibu wa VICOBA na nimekua nikimwona akiandika kila shilingi. Nilipokaa na msichana mmoja aliyekuwa ameanza kuzisoma herufi zile, tukalinganisha. Kima cha chini cha mshahara Israeli tangu Aprili 2023 kilikuwa shekeli 5,571 na ushee kwa mwezi, yaani shekeli 30 na ushee kwa saa, na shekeli moja wakati ule ilizidi shilingi 600 za kwetu. Sheria yao inataka saa mbili za kwanza za ovataimu zilipwe kwa asilimia 125 na zinazofuata kwa asilimia 150. Mambo haya hayana siri. Lipo shirika la kutetea wafanyakazi, Kav LaOved, la tangu 1991, linaloyaeleza kwa lugha mbalimbali, na ndiko tulikoyasoma. Karatasi yetu ilionyesha saa pungufu kuliko daftari, na ovataimu nyingi ilihesabiwa kama saa za kawaida. Makato ya malazi, bima na ada tulikuwa tumeyatarajia. Saa zilizopotea hatukuzitarajia.

Hofu ilikuwa kubwa. Msimamizi mmoja alikuwa ameshatwambia kwamba visa zetu ni za wanafunzi, na mwanafunzi mlalamikaji hurudishwa kwao. Usiku ule tulibishana mpaka tukachoka. Tulichoafikiana ni kwamba hatutagoma na hatutatukana. Kila mmoja atanakili saa zake kwenye karatasi safi, tutazipeleka zote kwa mratibu wa masomo siku ya darasa, na atazungumza mtu mmoja kwa niaba ya wote. Wakanichagua mimi kwa sababu ya daftari. Magoti yalitetemeka. Nilieleza kwa Kiingereza changu cha darasani, nikaweka karatasi mezani, nikanyamaza. Mratibu alizisoma moja moja, akaomba apewe muda. Hakuna aliyerudishwa. Mwezi uliofuata karatasi za mshahara zilikuwa na saa kamili, na malimbikizo tulilipwa kwa mafungu mawili. Si yote, lakini sehemu kubwa.

Fedha za mwanzo nilizotuma zilikodi maksai. Baba alipanda sehemu ya mwisho ya shamba kwa kuchelewa, na mavuno ya mwaka ule yalikuwa ya kula, si ya kupeleka kwa Wakala wa Chakula. Deni la kikundi liliisha kabla ya Pasaka. Siku mama aliponitumia picha ya daftari lake, mstari wetu umekatwa kwa wino mwekundu, nilitoka nje ya karavani nikalia peke yangu gizani.

Ajabu ni kwamba deni lilipoisha ndipo nilipoanza kuwa mwanafunzi. Darasa lilikuwa limerejea. Kichwa kikiwa chepesi, mtu huuliza maswali. Nilijifunza kwa nini maji ya visima vya Arava yenye chumvichumvi bado huzalisha hoho za kwenda Ulaya: matone hutolewa kidogo kidogo karibu na mzizi, na chumvi husukumwa pembeni. Nilijifunza kusafisha chujio, kupima shinikizo la mpira wa kwanza na wa mwisho, kuchanganya mbolea kwenye maji. Mwalimu alipoeleza jinsi wanavyoulisha mchanga kwa mboji, nilinyoosha mkono nikawasimulia matuta yetu ya duara, intumba, ambayo bibi zetu hufukia majani ndani yake mwisho wa masika ili yaoze na kuurutubisha udongo. Aliniomba niyachore ubaoni. Mmyanmar aliyekaa mbele yangu akayanakili kwenye daftari lake. Nilijisikia nimetoka mahali penye elimu.

Nilirudi katikati ya mwaka 2024. Baba ana maksai tena, wadogo bado, wanafundishwa nira. Mimi nina nusu eka ya nyanya na kabichi kando ya kijito, naimwagilia kwa matone kutoka simtanki lililoinuliwa juu ya magogo, kuanzia Mei hadi Oktoba wakati mashamba mengi ya Ufipa yamelala. Haiendi kama picha za vitabuni. Tope la kijito huziba mipira, na nyanya za Mbeya zikifurika Sumbawanga bei huanguka. Lakini msimu uliopita ulilipa mbegu, mbolea na ada ya mdogo wangu, na vijana wawili wa jirani wameshaniomba niwasaidie kutandika mipira yao.

Wanaouliza kama watoto wao waende, huwajibu: aende, kama mkataba umesomwa. Mzazi uliyeko Laela, Mpui, Matai au Namanyere, mtoto akikuletea habari ya kazi na masomo ng'ambo, mwambie aulete mkataba nyumbani kwa lugha mnayoielewa. Usomwe kwa sauti mbele ya wote watakaochanga. Ulizeni saa za kazi ni ngapi, ovataimu inalipwaje, makato ni yapi, shamba liko wapi kwenye ramani, na hatari ikitokea nani analipa nauli ya kurudi. Mpeni daftari. Na kama nauli haipatikani mpaka maksai wote watoke zizini, subirini mwaka mmoja, mvune, muuze mahindi, ndipo aondoke.